720,720: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 16

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa darasa la sita hadi kidato cha nne, na wazazi wanaokaa nao jioni kusimamia kazi za nyumbani, kuanzia Mtwara Mjini na Mikindani hadi Masasi, Nachingwea na Kilwa. Unahusu namba moja tu. Ninaamini kwamba mwanafunzi akiichambua namba moja kubwa mpaka mwisho, mambo kama KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika), KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika), vipeo na namba tasa (zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) huacha kuwa mada nne za kukariri. Anaona ni jambo moja. Nimeichagua 720,720 kwa sababu karibu kila kitu kilichomo humu kinahesabika kwa kalamu na karatasi. Simu iweke kando kwanza.

Inasomwaje, na ni kubwa kiasi gani?

Laki saba na elfu ishirini, mia saba na ishirini. Ukiamua kuhesabu moja, mbili, tatu, namba moja kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, utaifikia baada ya siku 8, saa 8 na dakika 12. Kwa wanahisabati ni namba ndogo, maana wanazijua namba tasa zenye mamilioni ya tarakimu. Kwa daftari la shule inatosha kabisa.

Ina nini cha pekee?

Igawe kwa 1, kwa 2, kwa 3, endelea hivyo hadi 16. Haibaki kitu hata mara moja. Tena ukiondoa sifuri, hakuna namba ndogo kuliko hii yenye sifa hiyo. Kwa lugha ya darasani, 720,720 ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha namba zote kuanzia 1 hadi 16.

Kwa nini tusizidishe tu 1 × 2 × 3 hadi 16?

Unaweza, na jibu litagawanyika kwa zote. Lakini utapata 20,922,789,888,000, namba iliyoizidi 720,720 mara 29,030,400. Sehemu kubwa ya kuzidisha huko ni kurudia kazi iliyokwisha kufanyika.

Angalia inavyokwenda. Ukishaweka 2 na 3 ndani ya namba yako, 6 imeshaingia yenyewe, huna haja ya kuizidisha tena. Ukishaweka 2 na 5, 10 imo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kila namba tasa inahitajika mara ngapi kwa uchache?

Namba 2 inahitajika mara nne, kwa sababu 16 ni 2 × 2 × 2 × 2 na hakuna namba nyingine kati ya 1 na 16 inayodai 2 nyingi kuliko hiyo. Namba 3 inahitajika mara mbili kwa sababu ya 9. Namba 5, 7, 11 na 13 zinahitajika mara moja moja. Basi:

720,720 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13

Mstari huu mmoja uandike juu ya ukurasa wa daftari lako. Maswali yote yanayofuata yanajibiwa kwa kuutazama.

Mbona 720 imejirudia mara mbili? Ni bahati tu?

Kuna sababu. Chukua 7 × 11 × 13, unapata 1,001. Vigawo vilivyobaki, yaani 2 nne, 3 mbili na 5 moja, vinazaa 720. Sasa kuzidisha namba ya tarakimu tatu kwa 1,001 ni kuizidisha kwa elfu halafu kuiongeza yenyewe mara moja: 720,000 na 720. Ndiyo maana inajirudia.

Humu mna njia nzuri ambayo ningependa kila mtoto aijue. Namba yoyote ya tarakimu sita ambamo tarakimu tatu za mwanzo ni sawa na tatu za mwisho, kama 458,458 au 913,913, lazima igawanyike kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Huhitaji kujaribu.

Na hata zisipokuwa sawa, njia bado inafaa. Toa kundi moja la tarakimu tatu kutoka kwa jingine, kisha uitazame tofauti. Mfano ni 391,846. Toa 391 kutoka 846, unabaki na 455. Sasa 455 ni 5 × 7 × 13, kwa hiyo 391,846 inagawanyika kwa 7 na kwa 13, na kwa 11 haigawanyiki. Hakikisha mwenyewe: 7 × 55,978, na 13 × 30,142. Watoto wengi wanaijua njia ya kupima 3 na 9 kwa kujumlisha tarakimu, lakini wakifika kwenye 7 wanakwama. Hii inawakwamua.

Mimi ni mkulima wa korosho. Mwanangu anasoma haya, yananihusu nini?

Yanakuhusu sana, mzazi wangu. Tuchukulie chama cha msingi kina kilo 720,720 kamili za korosho ghafi ghalani, na zimetengwa zigawiwe sawa kwa sawa kwa vikundi vya wabanguaji. (Najua mnadani mzigo hauendi hivyo, unaenda kwa bei. Huu ni mfano wa hesabu.) Vikundi vikiwa 7, kila kimoja kinapata kilo 102,960. Vikiwa 11, kilo 65,520. Vikiwa 13, kilo 55,440. Vikiwa 16, kilo 45,045. Idadi yoyote hadi 16, hakuna kilo inayobaki ya kugombewa.

Lakini korosho haikai ghalani kilo moja moja, inakaa kwenye magunia. Tuseme kila gunia lina kilo 80. Kilo 720,720 ni magunia 9,009. Sasa jaribu kuwagawia vikundi viwili. Kila kimoja kinachukua magunia 4,504 na gunia moja linabaki. Itabidi lifunguliwe na liwekwe kwenye mizani, kilo 40 huku na kilo 40 kule. Vikundi vikiwa 16, kila kimoja kinachukua magunia 563, na lile gunia moja la mwisho linagawanywa kilo tano tano. Vikundi vikiwa 5, yanabaki magunia manne ya kufungua.

Kumetokea nini? Mzigo ni ule ule. Tazama tena mstari wetu. Gunia la kilo 80 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 5. Kwa kuhesabu magunia badala ya kilo, tumezitoa 2 zote nne na ile 5 moja. Iliyobaki, 9,009, ni 3 × 3 × 7 × 11 × 13 tu. Haina 2 hata moja, kwa hiyo ni witiri, na haiwezi kugawanyika sawa kwa vikundi 2, 4, 6, 8, 10, 12, 14 wala 16. Kwa vikundi 13 inakwenda vizuri: magunia 693 kila kimoja, hakuna kamba inayofunguliwa.

Mfano huu nauthamini kuliko yote kwenye ukurasa huu. Mtoto akishaona kwamba kubadili kipimo kunabadili idadi inayogawanyika, hatauliza tena kwa nini anafundishwa vigawo tasa.

Je, kete 720,720 zinaweza kugawanywa sawa kwenye mashimo 32 ya bao?

Hapana. 720,720 ukiigawa kwa 32 unapata 22,522.5. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. 32 inadai 2 tano na 64 inadai sita, na sisi tunazo nne tu. Nusu ya bao, yaani mashimo 16 ya mchezaji mmoja, hiyo inawezekana: 45,045 kila shimo.

Ina vigawo vingapi kwa jumla?

Ina vigawo 240, ukihesabu 1 na yenyewe. Usianze kuviorodhesha, kuna njia ya kuvihesabu bila kuviandika.

Kigawo chochote cha 720,720 kinatengenezwa kwa kuchagua baadhi ya namba tasa zilizo kwenye mstari wetu. Kwa upande wa 2 una chaguo tano: usichukue hata moja, au uchukue moja, mbili, tatu au zote nne. Kwa 3 una chaguo tatu. Kwa 5, 7, 11 na 13 una chaguo mbili mbili: chukua au acha. Zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240.

Ukikataa kuchukua chochote unapata 1. Ukichukua vyote unapata 720,720 yenyewe. Ukichukua 2 tatu, 3 moja, 5 na 7, unapata 840, na vile ulivyoviacha vinazaa mwenzake, 858. Kila kigawo kina mwenzake wa namna hii, na jozi ya 840 × 858 ndiyo yenye namba zinazokaribiana kuliko jozi nyingine zote.

Kuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi zaidi?

Hakuna. Kila namba iliyo chini ya 720,720 ina vigawo pungufu ya 240. Aliyeshikilia rekodi kabla yake ni 665,280, yenye vigawo 224. Rekodi inayofuata ni ya 1,081,080, yenye 256. (Igawe kwa 1,001 uone kinachotoka.)

Chini ya milioni moja hakuna inayoizidi, ila zipo nne zinazolingana nayo kwa vigawo 240: 831,600, 942,480, 982,800 na 997,920. Zoezi zuri kwa kidato cha kwanza ni kuzichambua hizo nne kwenye namba tasa na kuona jinsi 240 inavyopatikana kwa njia tofauti.

Aliyezichunguza namba za aina hii kwa kina ni Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India. Alizaliwa mwaka 1887 katika familia isiyo na uwezo, akajifunza hisabati nyingi peke yake, akafika Cambridge, Uingereza, mwaka 1914. Mwaka 1915 alichapisha utafiti mrefu kuhusu namba ambazo kila moja ina vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo chini yake. Alifariki mwaka 1920 akiwa na miaka 32. Nawatajia wanafunzi jina lake kila nafasi ikipatikana, kwa kuwa kazi hiyo ilianzia kwenye swali ambalo mtoto wa darasa la sita analielewa: namba gani ina vigawo vingi?

Vigawo vyake vyote vikijumlishwa vinakuwa ngapi?

3,249,792. Hapa pia hatujumlishi kimoja kimoja. Jumlisha chaguo za kila namba tasa, kisha zidisha majibu:

(1 + 2 + 4 + 8 + 16) × (1 + 3 + 9) × (1 + 5) × (1 + 7) × (1 + 11) × (1 + 13)

yaani 31 × 13 × 6 × 8 × 12 × 14. Ukifungua mabano yote utaona kila kigawo kinatokea mara moja tu, ndiyo maana njia inakubali.

Ukiiondoa 720,720 yenyewe, vigawo vingine vinajumlika kuwa 2,529,072, zaidi ya mara tatu ya namba yenyewe. Linganisha na 6, ambayo vigawo vyake vingine, 1, 2 na 3, vinajumlika kuwa 6 kamili, au 28, nayo vivyo hivyo. Kwa namba tasa kama 13, jumla hiyo ni 1 basi.

Inagawanyika kwa 5 na kwa 10. Basi inagawanyika kwa 50?

Hapana, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine kwenye madaftari. 720,720 ukiigawa kwa 50 unapata 14,414.4. 50 inadai 5 mbili, sisi tuna moja. Ile 5 iliyotumika kwa 5 ndiyo hiyo hiyo iliyotumika kwa 10.

Unaruhusiwa kuzidisha pale tu namba mbili zinapokuwa hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Inagawanyika kwa 9 na kwa 16, na hizo mbili hazishirikiani chochote, kwa hiyo inagawanyika kwa 144. Kwa 9 na 15 huwezi kusema hivyo, zinashirikiana 3. Jaribu 135 uone.

Nikiongeza 1, napata namba tasa?

Swali hili linanifurahisha, maana anayeuliza amefikiri. Amewaza hivi: 720,721 ukiigawa kwa namba yoyote kuanzia 2 hadi 16 inabaki 1 daima, basi haina kigawo. Nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Nusu ya pili imeruka hatua. Tumethibitisha tu kwamba haina kigawo kati ya 2 na 16. Kuanzia 17 na kuendelea hatujasema lolote.

Na kweli, 720,721 = 71 × 10,151. Si namba tasa.

Ukipunguza 1 je? 720,719 = 31 × 67 × 347. Nayo si tasa. Tazama vigawo hivyo: 31, 67, 347, 71. Vyote viko juu ya 16, kama ilivyolazimika kuwa. Hoja ya kuzidisha namba tasa na kuongeza 1 ilitumiwa na Euclid, Mgiriki wa kale, kuonyesha kwamba namba tasa haziishi. Hakusema kwamba jibu lenyewe ni tasa. Alisema litakuwa na kigawo tasa kipya ambacho hukuwa nacho mwanzo, na hilo ndilo tunaloliona hapa.

Na majirani wengine wa mbali kidogo?

Hapa namba yetu inaonyesha uwezo wake. Chukua 720,722. Ni 720,720 na 2, na zote mbili zinagawanyika kwa 2, kwa hiyo jumla inagawanyika kwa 2. 720,723 inagawanyika kwa 3, 720,727 kwa 7, hadi 720,736 kwa 16. Rudi nyuma, mambo ni hayo hayo: 720,718 kwa 2, 720,717 kwa 3, hadi 720,704 kwa 16. Unganisha na 720,719 na 720,721 tulizozichambua juu, na 720,720 katikati: kuanzia 720,704 hadi 720,736 kuna namba 33 mfululizo na hakuna tasa hata moja.

Ukiendelea mbele kidogo utakuta 720,737 inagawanyika kwa 29, na 720,739 kwa 41. Hizo mbili hatukuzitegemea, zimejitokeza tu. Zile 33 tulizijua kwa hoja na mgawanyo wa namba mbili, bila kupima kila moja. Kwa njia hii hii, ukitumia KDS kubwa zaidi, unaweza kupata pengo refu lisilo na namba tasa kadiri unavyotaka.

Ina kipeuo cha pili kilicho namba nzima?

Haina. Namba yenye kipeuo cha pili kamili lazima kila namba tasa ndani yake iwe imejirudia idadi shufwa ya mara. 2 ziko nne na 3 ziko mbili, sawa. Lakini 5, 7, 11 na 13 ziko moja moja. Zidisha 720,720 kwa 5,005, yaani 5 × 7 × 11 × 13, uzipe kila moja mwenzake. Unapata 3,607,203,600, na kipeuo chake cha pili ni 60,060.

Niikariri kwa ajili ya mtihani?

Usiikariri. Mwanafunzi anayeweza kuipata upya ndani ya dakika mbili kwa kuchambua 16, 9, 5, 7, 11 na 13 yuko mbele ya aliyeikariri.

Kwa nini inaishia 16? 17 ina tatizo gani?

17 ni namba tasa na haimo kwenye mstari wetu. 720,720 ukiigawa kwa 17 unapata 42,395 na baki 5. Njia pekee ni kuizidisha kwa 17, unapata 12,252,240, na hapo 18 inaingia bila gharama kwa sababu 2 na 3 mbili zilikuwamo tayari.

Lakini namba hiyo mpya imepoteza kitu. Ina vigawo 480, na 10,810,800, ambayo ni ndogo kuliko hiyo, inavyo 480 vile vile. Kwa hiyo haishiki rekodi ya vigawo kama 720,720 inavyoishika. Ukizidisha tena kwa 19 unapata 232,792,560, inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 22. Hiyo nayo ina vigawo 960, na 183,783,600 imeshatangulia kwa idadi hiyo. Ukitaka kuendelea, kizuizi kinachofuata ni 23: 232,792,560 ukiigawa kwa 23 inabaki 15.